Kompyuta za Kimani

Enzi zetu pale Makongeni, mjini Thika, jaa la kiwanda ndilo lililokuwa duka letu la vitu vya kuchezea. Mwaka wa 1972 nilikuwa na umri wa miaka kumi na sikuwa nimekanyaga darasani, kwa kuwa mimi ndiye niliyewalea wadogo zangu. Nyuma ya kiwanda cha nguo zilitupwa kadi ngumu zilizojaa matundu, chakula cha kompyuta ya siku hizo. Wasichana tulizishona kofia. Wavulana walizibana kwenye magurudumu ya baiskeli zikavuma kama pikipiki.

Kimani, mtoto wa jirani, alizielekeza juani akazikodolea macho.

“Hii imeandikwa kitu. Soma.”

“Mimi sijui kusoma.”

“Hata mimi hii siijui!”

Tukacheka wote wawili. Ilikuwa mara ya kwanza ujinga wangu kupata mwenzi. Mama, akipuliza jiko la githeri, alinifokea: “Rudisha uchafu huo ulikoutoa! Chumba kimoja, watu saba, na sasa tukaribishe makaratasi?” Nilizificha chini ya godoro, na Januari 1974, nilipoketi hatimaye darasa la kwanza, magoti yakigonga dawati la watoto wadogo, niliandikia herufi zangu migongoni mwa kadi hizo.

Kimani alikua akawa fundi wa mitambo, na mwaka wa 1984 akawa mume wangu. Kuanzia 1996, viwanda vilipoanza kutupa kompyuta za wachoraji wao, zile nzito zenye skrini za kitambi, aliziomba akazileta kwetu Ruiru. Zilifika sita, akazipanga kwenye meza ndefu katika chumba cha nyuma. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana tuliziwasha moja baada ya nyingine.

“Mashine ni kama ng’ombe,” alisema. “Usipoikamua, inakauka.”

Mimi nilizifumia vitambaa, kama nilivyovifumia viti na redio. Akivikuta juu ya mashine iliyowaka alilalamika: “Mama Wangari, unaziziba pua!”

Alifariki Machi 2021. Nimeendelea kuziwasha, na vitambaa huvitoa kwanza.

Mwezi uliopita binti yetu, Wangari, alikuja na mnunuzi wa vyuma chakavu. Anataka chumba cha mashine kipate mpangaji. Yule kijana aliinua mashine moja, akaitua.

“Shosho, hii ni plastiki mingi. Lakini nitakusaidia tu, nizibebe zote.”

“Unisaidie na sijalia?”

“Mum, hakuna mtu anazitumia,” Wangari akaingilia. “Hata simu yangu inashinda hizi zote.”

“Simu yako ina umri gani?”

“Mwaka moja na nusu.”

“Na jana uliniambia imezeeka.”

Kijana akacheka. Wangari hakucheka. Aliitazama ile meza ndefu, kisha akasema kwa sauti ya chini: “Sio chumba pekee, Mum. Ni wewe. Unashinda hapa peke yako na machuma.”

Nilimsindikiza kijana hadi nje, nikafunga geti. Wangari alichukua mkoba wake, akaondoka bila kunywa chai. Mashine zimebaki.

Enzi zetu, kitu kimoja kilichookotwa jaani kiliwakusanya watoto wa plot nzima ya vyumba vya kupanga, wakagombana, wakapatana. Siku hizi kila kijana ana kioo chake mfukoni, na wakiketi wanne kwenye kochi langu, nasikia saa ya ukutani. Siwalaumu sana. Nami nina vioo sita.

Miaka ya mwisho, miguu ilipomkataa Kimani, mimi ndiye niliyeziwasha, naye akiwa sebuleni akiita: “Imewaka?” Nami nikamjibu, ingawa feni za mashine zilinguruma hadi kwa majirani. Jumamosi iliyopita ziliwaka zote, hata ile ya dirishani ambayo hukaidi wakati wa baridi. Nilisimama mlangoni hadi herufi za kijani zikatulia.

“Zimewaka,” nikasema, ingawa hakuna aliyeuliza.