Wifi Anataka Nijutie Siku ya Maji Moto

Admin, ficha jina langu, ingawa wifi yangu akisoma atanijua tu. Na anijue.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, mjane, naishi Kigali. Nina binti mmoja na anaolewa mwezi ujao. Kwetu Rwanda, zamani bibi arusi alikaa ndani kwa mumewe baada ya harusi, hatoki wala hapiki, mpaka siku ya kufunuliwa, gutwikurura, ndugu zake wanapokuja na zawadi na kumtoa rasmi. Siku hizi watu wanamaliza yote Jumamosi moja. Mwaka 1992, nilipoolewa mimi, mama mkwe hakuwa na mchezo.

Alisema sifunuliwi mpaka kaka yake afike kutoka Byumba. Byumba kulikuwa na vita! Wiki ya kwanza hakufika, ya pili hakufika. Nilikaa wiki tano katika nyumba ya vyumba viwili karibu na Sonatubes, hapa hapa Kigali, nasikia magari yanapita, naangalia kalenda ukutani. Wifi, dada pekee wa mume wangu, wakati huo msichana wa miaka kumi na saba, ndiye aliyewekwa anipikie na kunilinda. Mume wangu alikuwa fundi pale uwanja wa ndege, Kanombe. Kila jioni akirudi ananikuta nimevimba macho.

Jumapili moja alfajiri, wifi akiwa bado amelala, mume wangu akaniambia nipande mgongoni kwake. Mimi, mtu mzima na kitenge changu!

"Wamesema mguu wako usikanyage nje," akaninong'oneza. "Basi haukanyagi."

Alinibeba hivyo hivyo mpaka kwenye teksi aliyoikodi siku nzima. Dereva, mzee mmoja wa Biryogo, aligeuza uso ili asinicheke. Kwenye kizuizi cha kwanza askari walikaa na vitambulisho vyetu muda mrefu. Wakatuachia. Barabara ya Ruhengeri ilikuwa haifai kwa sababu ya vita, tukashika ya Gitarama.

Kwenye mto Nyabarongo mzee akasimamisha gari kabla ya daraja.

"Madamu, hapa zamani kuna wafalme hawakuwa na ruhusa ya kuvuka," akasema. "Mwami iko na jeshi, iko na ng'ombe, lakini akifika kwa maji anarudi."

Mume wangu akacheka. "Mimi si mwami, mzee. Esansi iko kwenye tangi? Vuka."

Lakini mimi nilifungua mlango. Nilishuka kwa miguu yangu mwenyewe, nikaenda mpaka ukingoni, nikanawa uso kwa maji yale ya matope. Hakuna aliyenibeba hapo. Nasema mapema ili mtu asije akanitetea kwa uongo.

Baadaye milima ya volkeno ikatokea, Karisimbi ina weupe kichwani, nami niliyezoea kalenda nikapiga kelele kama mtoto. Tulifika Gisenyi, kwenye maji moto yanayotoka ardhini. Wanawake wa pale walikuwa wanachemshia viazi vitamu humo. Nikanunua, nikavifunga kwenye kitambaa, nikavizamisha. Ndicho chakula cha kwanza nilichompikia mume wangu. Bibi arusi haruhusiwi kuwasha moto, nami sikuwasha. Maji yalikuwa yanachemka yenyewe! Akala akipuliza vidole, akasema, "Nimeoa mpishi." Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena.

Jioni tukamkuta wifi mlangoni analia. "Umetoka! Bado hawajakutwikurura, weye umetoka!" Nilimpa viazi viwili nilivyomletea. Akafuta machozi, akala, akaomba kingine. Hakumwambia mama yake. Wiki mbili baadaye yule mjomba wa Byumba akafika, nikafunuliwa nikiwa nimeinamisha macho kwa adabu zote.

Mwaka 1994 mume wangu aliuawa, na mama yake pia. Hayo siyaandiki hapa. Tulibaki mimi, wifi, na binti yangu mgongoni.

Wiki iliyopita tulikaa kikao cha harusi. Ikasemwa kwamba mimi ndiye nitakayewaongoza wanawake wetu siku ya kumfunua binti yangu. Wifi akasimama mbele ya wazee. "Huyu alijifunua mwenyewe. Alifungua mlango kabla ya siku, na siku ya kuuawa kaka yangu akatokea mlango huo huo, hakurudi." Akasema siku hiyo nipige magoti mbele ya familia nikiri kosa na kuomba msamaha. Nisipofanya hivyo, haji. Na upande wa baba hakuna mwingine aliyebaki hai wa kukaa na binti yangu siku hiyo kwa niaba ya baba yake.

Kaka yake hakuuawa na viazi vitamu wala na mlango. Waliomuua walikuwa watu.

Binti yangu analia. "Mama, namtaka masenge wangu pale, shangazi yangu wa pekee. Ni neno moja tu, mbabarira, nisamehe." Ni neno moja, najua. Lakini ndoa yangu haikufika hata miaka miwili, na mwingi wa muda huo ulikuwa hofu, vizuizi na redio ya chuki. Siku nzima isiyo na doa ninayo moja tu, na ndiyo wanayotaka niiombee msamaha. Wifi namhurumia, kaka alikuwa mmoja na amemlilia miaka yote hii. Lakini kujuta siwezi, na wa kuniambia nijute apite tu, asichoke kuandika.

Wengine nawasikiliza. Nipige magoti nidanganye mbele ya watu kwa ajili ya mwanangu? Au nisimame niieleze safari ile yote, mto, milima na maji moto, mpaka pale wifi alipokula viazi viwili na kuomba cha tatu?