Funda Moja la Maji

Mama Pacha alimnywesha Dereva maji asubuhi, na tangu hapo roho yake haikutulia. Maji tu, jamani! Ya bombani, kwenye kikombe cha plastiki. Lakini Dereva, mzee aliyeendesha magari kabla ya kupooza, koo lake lilikuwa limesahau kazi. Maji mepesi yangeweza kupotea njia yakaingia mapafuni. Katika makao yale ya wazee kila mhudumu aliijua amri: maji yake yakorogwe na unga maalumu mpaka yawe mazito kama uji.

"Mwanangu, haya si maji, ni gundi," mzee alilalamika kila siku. "Nipe funda moja la maji ya watu."

Siku zote Mama Pacha alimjibu kwa mzaha. Leo aliiangalia midomo ilivyokauka, huruma ikaishinda akili. Mzee akameza, akafumba macho kwa raha. Kisha akakohoa.

Alikohoa mara moja tu. Mama Pacha akasuuza kikombe upesi kama mwizi.

Kuanzia hapo mambo yakamwendea kombo. Alimvalisha bibi wa dirishani sweta nje ndani, bibi akamcheka: "We mama, umependa au umefumaniwa?" Kila kikohozi koridoni kilimrudisha mlangoni kwa mzee kuchungulia. Akisema, kazi imeota mbawa, na wale mapacha wake watakula nini? Asiposema, mzee akizidiwa, nani atajua kilichomsibu?

Jioni, alipokuwa akimgeuza, kiganja chake kilisikia kitu kikikoroma ndani ya mgongo wa mzee. Paji la uso lilikuwa la moto. Lo! Akaenda kumwita sista, muuguzi wa zamu.

Sista alisikiliza kifua, uso ukakunjamana. "Huyu amekunywa nini leo?"

Dereva akadakia. "Maji. Nilikwenda bombani mwenyewe."

Sista akaitazama miguu ile, ambayo haijakanyaga chini miaka na miaka. "Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Kwani mlikuwa mnaniangalia?"

"Ni mimi, sista," Mama Pacha akasema, machozi yakimtoka. "Nilimpa mimi. Funda moja."

"Mjinga wewe," mzee akanong'ona. "Nilishakuvusha."

Sista hakugomba, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ya kazi yako tutaongea kesho. Mkalishe wima, usimwache. Akitaka kunywa, yale mazito tu, kwa kijiko. Namwita daktari."

Mama Pacha akakoroga kikombe, akajiandaa kwa matusi, maana mzee huyu hajawahi kumaliza hata nusu bila vita. Akasogeza kijiko. Dereva akafungua mdomo bila neno. Akameza. Akafungua tena, mpole kama mtoto mgonjwa.

Hapo ndipo Mama Pacha alipoogopa kweli.

"Sema ni gundi, mzee," akamsihi. "Nitukane basi."

Mzee akafungua mdomo tena.