Darasa la Alasiri na Chumba cha Mwali

Bwana Mhariri, jina langu lifiche, na majina yote humu nimeyabadili. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, Mkristo kutoka bara, mwalimu wa shule moja huku Temeke. Mume wangu ni karani bandarini na watoto tunao. Nyumbani sina shida. Shida yangu ni darasa la alasiri, na machozi ya kulililia yameshaniishia.

Watoto wetu huku wakitoka shule wanakwenda chuoni kusoma Kurani, halafu basi, wanazagaa mitaani mpaka magharibi. Ukifika mtihani wa darasa la nne, ule wa kuwapeleka shule ya kati, wanaanguka karibu wote. Nikaamua kuwafundisha jioni katika jengo la misheni. Hakuja mtu. Wazazi walisema nataka kuwabatiza watoto wao, nami nilikasirika sana, maana nilichokuwa nafundisha ni hesabu za kugawanya tu.

Aliyeniokoa ni Bi Mwanahawa, mkubwa wa kina mama wa ngoma mtaani kwetu na kungwi wa wasichana wengi. Aliniita akaniambia, "Mwalimu, hamia uwani kwangu. Hapa watoto watakuja, wanajua ni kwao." Kweli wakaja. Mwalimu wa chuo akakubali kuwaachia mapema kidogo. Mzee Nassor mwenye duka akatupa makasha ya chai yakawa viti, na kina mama wakapika uji kwa zamu. Matokeo ya mtihani wa mwaka jana yalipotoka, mkuu wangu wa shule aliniuliza nimetumia dawa gani. Sikuwa na dawa. Nilikuwa na ua wa Bi Mwanahawa.

Sasa nije kwa Tatu, msichana mmoja wa darasa hilo. Desturi ya darasa letu ni wakubwa kuwafundisha wadogo, na Tatu alikuwa akiwafundisha huku anatafuna muwa, hana haraka, na wote wanaelewa. Nilikuwa nimeshaweka moyoni kwamba huyu atakuwa mwalimu kunipita mimi. Siku moja alisimama kujibu swali, wenzake wakaanza kumcheka. Gauni lake lilikuwa na doa. Nikamfunga kanga yangu, nikamshika bega, nikamwingiza ndani kwa Bi Mwanahawa. Kwetu bara msichana akivunja ungo anapelekwa kwa bibi yake, anaelezwa namna ya kujitunza, kesho yake anaendelea na shughuli zake. Nilidhani namsitiri.

Tatu hajatoka ndani mpaka leo.

Nilipouliza, Bi Mwanahawa alinijibu kwa upole wake uleule. "Mwalimu, huyu keshakuwa mwali. Mwali haonwi na watu mpaka achezwe ngoma. Na akitoka, mama yake ana mchumba wake tayari."

"Na mtihani, bibi?"

"Sie tulipatana mie nitoe ua, wewe utoe masomo. Watoto hatukupatana."

Mume wangu akasema niende kwa Bwana Elimu, yule Mzungu anayesimamia shule zetu, atume askari wamtoe. Nilifika mpaka kwenye ngazi za ofisi yake nikarudi. Askari akikanyaga uwani pale, hakuna mzazi atakayemleta binti yake tena, na darasa litakuwa limekufa. Na wale wengine nao wanataka kusoma.

Chumba cha mwali kiko nyuma ya ukuta niliokuwa naegemeza ubao. Nikaanza kufundisha kwa sauti ya juu, narudia kila hesabu, hata koo likakauka. Siku moja darasa zima lilikwama, na jibu likatoka ndani, taratibu, nalo lilikuwa sahihi. Watoto wakacheka. Bi Mwanahawa alikuwa anapeta mchele mlangoni. Aliacha, halafu akaendelea kupeta. Watoto walipoondoka akaniambia, "Sauti ya mwali haisikiki nje, mwalimu. Kesho ubao hamishia kule upande wa jiko."

Nikauhamisha. Sikubisha wala sikulia. Tangu hapo nimekufa ganzi. Nafundisha, nasahihisha, napika, nalala. Mume wangu akiniuliza kitu, mara nyingine nagundua ameshaondoka na sikumjibu.

Juzi Bi Mwanahawa alinikalisha akanimiminia kahawa, akanishukuru mbele ya kina mama. "Siku hizi wewe ni wa kwetu," alisema. "Tatu umeniletea kwa mkono wako. Na hao wengine, ukiona mmoja wao tayari, niletee hivyohivyo." Kina mama wakapiga vigelegele. Mimi nikasema, sawa, bibi.

Jana Siwema, anayemfuata Tatu kwa akili, alibaki nyuma kunisaidia kupanga makasha. Alisubiri mpaka ua ukawa mtupu, akaninong'oneza kwamba naye ameshavunja ungo, wiki iliyopita, na hata mama yake hajui. "Mwalimu, usimwambie bibi. Niache nifanye mtihani kwanza."

Mtihani ni mwezi ujao. Nikinyamaza na likajulikana, nitakuwa nimewadanganya wanawake walionipokea wakati hakuna aliyenitaka, na hapo watoto wote watakosa pa kusomea. Nikisema, Siwema ataingia chumba kilekile, na hata kusikiliza hataweza, maana ubao nimeshausogeza mbali mwenyewe. Nawaza hayo yote na moyo hauniendi mbio hata kidogo, na hilo nalo linanitisha.

Wazazi wenzangu, na nyie walimu mnaosoma ukurasa huu, msinihurumie, nishaurini. Siwema alikuwa amesimama pale anangoja jibu langu, kashika kasha mikononi. Na yeye pia nilimwambia, sawa. Sasa kati ya bibi na Siwema, nimgeuke yupi?