Sahani ya Anayengojwa

Jumamosi hii sikufua wala sikwenda sokoni. Nilikaa na simu mkononi nikitazama nchi ya mbali iliyopigwa na tetemeko: ghorofa zimelala chini, watu wanafukua kifusi kwa mikono. Katikati yao mama mmoja alikuwa amewasha moto wa mabanzi ya mlango uliovunjika, anapika. Simjui, na lugha yake siijui, lakini nilimtazama tena na tena. Kisha nikainuka nikaitungua kawa iliyo ukutani, ambayo wageni wangu hudhani ni pambo tu.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu. Mimi nimekulia mtaa wa Kawempe, kwenye ua mmoja wenye vyumba vya kupanga vilivyotazamana. Bibi yangu alikuwa Mnubi, wa ukoo wa wale askari walioletwa zamani kutoka Sudan, na mikono yake haikujua kupumzika. Akiwa hapiki, anasuka kawa za kufunikia chakula, za rangi za kuumiza macho. Alfajiri niliamshwa na harufu ya mkate wake mwembamba ukiiva kwenye bamba la chuma, na sauti yake akigombana na kuni mbichi. Kuni alizikaripia kama alivyokaripia watu.

Chumba cha upande wa pili wa ua alikaa jirani yetu, mke wa polisi, mtu wa milimani huko mashariki. Yeye Mkristo, bibi Mwislamu. Kilichowaunganisha ni Kiswahili cha kambi za askari, kibovu na kitamu, pamoja na sahani. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Bibi akipeleka bamia kavu, ilirudi na malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, yamepikwa kwa karanga. Mbebaji nilikuwa mimi, na njiani sikukosa kuchovya kidole.

Msimu mmoja wa mvua redio ikasema mlima umeporomoka huko kwao jirani, matope yamefunika vijiji. Mama mzazi wa jirani alikuwa akiishi kwenye mteremko huohuo. Simu za mkononi hazikuwapo, barabara ilikuwa imekatika, na mumewe alikuwa kazini mbali. Wanawake wa ua wakaja na mikeka yao, wakakaa, wakaanza kulia. Bibi akatoka jikoni na mwiko.

"Nyinyi mnalilia nani? Nani ameona maiti? Banange, jamani, mnazika mama ya watu na yeye pengine anakunywa chai!"

Wakakunja mikeka yao. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake: asiyejulikana habari zake haliliwi, hupikiwa. Kila jioni alipakua sahani ya yule mama wa milimani, akaifunika kwa kawa, nami nikaipeleka mezani kwa jirani. Asubuhi chakula alipewa yeyote aliyepita na njaa, na jioni ikaenda sahani nyingine. Jirani hakupika, hakuchana nywele. Alikaa akiitazama ile kawa. Sahani zikarudi tupu, na bibi akazijaza tena. Mimi nikaanza kuogopa kuvuka ua.

"Bibi, atakuja kula kweli?"

"Bado hatujui. Wewe peleka kwanza."

Ijumaa moja jioni akaingia kaka yake jirani, viatu vimeganda matope, vidole vyote vimefungwa matambara. Walikuwa wamechimba, yeye na wenzake, mpaka wakampata mama yao, wakamzika wenyewe. Jirani akapiga yowe ambalo mpaka leo nalisikia, na safari hii bibi alikuwa wa kwanza kulia naye. Walipochoka, bibi akaifunua sahani, akaisogeza mbele ya yule mwanamume.

"Hapana, mama. Hii ilikuwa ya mama yetu."

"Ilikuwa yake. Sasa ni ya mwenye kumtoa kwa matope. Kula, mtoto yangu."

Kwa vidole vile hakuweza kushika tonge. Bibi akamlisha kwa mkono wake, taratibu, mpaka sahani ikaisha.

Siku zikapita nyingi. Asubuhi moja tulisikia mchi ukitwanga karanga upande wa pili, na mchana jirani akavuka ua mwenyewe, ameshika sahani yetu, imejaa malewa. Bibi akaonja. "Amezidisha chumvi," akasema, kisha akajifuta macho kwa ncha ya shuka yake.

Bibi hayupo tena. Jirani alirudi milimani, nasikia alilima kwenye mteremko uleule mpaka uzeeni. Ule ua umejengwa ghorofa. Mimi nakaa ndani ya geti la chuma, na jirani wa ng'ambo ya ukuta namjua kwa mlio wa gari lake. Nawakumbuka wale watu, na zaidi ya watu naukumbuka ule ua, ambao ulivukwa kwa hatua chache za mtoto.

Leo mchana nimepika bamia kavu. Nimempakulia yule mama wa kwenye simu, nikafunika kwa kawa ya bibi, nikafungua mlango, nikasimama na sahani mkononi. Mbele yangu palikuwa na ukuta, na juu yake vipande vya chupa. Jioni nikaifunua, nikala mwenyewe, chakula kimeshapoa.