Jiko la Upepo la Bi Kulthum

Kulthum binti Hamood alijulikana Bagamoyo nzima kwa mkono wake wa sambusa. Ukiwa na harusi mjini, hitima Kaole au wageni wa heshima Zinga, watu walikuuliza kwanza kama umeshamwambia Bi Kulthum. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, na kwa miaka thelathini na tatu alisimama mbele ya karai la mafuta, akigeuza sambusa huku anazungumza na watu, macho yakiwa kwingine kabisa.

Kisha siku ya harusi moja huko Kaole, jiko likayumba. Mafuta yakammwagikia mkono wa kulia, kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Aliuuguza miezi mitano. Ngozi ikapona ikaacha mabaka, na vidole viwili vikakataa kukunjika. Lakini kovu kubwa lilikuwa moyoni. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Bi Kulthum alikuwa akisikia mafuta yakichachatika hata kwa jirani, pumzi zinamkatika. Kazi zote zikaenda kwa wifi yake Nouf. Yeye akabaki kuulizwa habari za mkono, hakuna tena aliyemuuliza habari za sambusa.

Mwaka ukapita hivyo. Ijumaa moja bintiye Hanadi, anayefanya kazi Dar, akaja na boksi kubwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo nayo redio?"

"Jiko, mama. Linakaanga kwa upepo wa moto. Mafuta halitaki, labda ulipakaze kidogo tu."

"Upepo huu unaokausha nguo ndio ukaange chakula?"

Hanadi alikuwa amenunua pia pakiti ya vijiti vya jibini vilivyogandishwa, vimeviringishwa kwenye chenga za mkate. Akavipanga kwenye kikapu cha lile jiko, akawasha, wakakaa kungoja. Walipovuta kikapu, jibini yote ilikuwa imechuruzika na kuganda chini kama nta. Yakabaki maganda matupu. Hanadi alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Bi Kulthum hakucheka. Aliokota ganda moja, akalivunja, akalinusa, akachungulia ndani.

"Mafuta hukamata chakula papo hapo," alisema polepole. "Nje panafunga kabla ndani hapajayeyuka. Upepo hauna nguvu hizo. Hivi nguo yake ya chenga ilikuwa nyepesi, na kikapu kilikuwa baridi."

Hanadi akainuka kutoka sakafuni. Tangu ajali ile, hakuwa amemsikia mama yake akizungumzia mapishi.

Jumatatu Bi Kulthum alivuka barabara kwenda dukani kwa Meena. Meena na mumewe Jaysukh walikuwa na duka la vyakula mkabala na nyumba yake, na wanawake hao wawili walikuwa majirani tangu wote wakiwa maharusi. Waliazimana sukari, uzi, hata watoto. Kitu kimoja tu hakikuwahi kuvuka barabara ile: chakula cha Bi Kulthum. Akina Meena hawali nyama wala mayai, na karai lililokaanga nyama hawawezi kula kilichotoka humo. Hawakuwahi kukwaruzana kwa hilo. Idi ikifika Bi Kulthum alipeleka tende na matunda, na Diwali Meena alileta mithai. Hata hivyo jambo hilo lilimkereketa Bi Kulthum kwa siri. Mji mzima ameulisha, isipokuwa mwanamke anayemwona kila asubuhi akifungua dirisha.

"Jibini hii nyinyi wenyewe mnakula?" aliuliza, akionyesha kwenye friji.

"Ndiyo hiyo hiyo tunayokula. Kwani?"

"Nina kazi nayo."

Kazi yenyewe ilichukua wiki tatu. Aliikata jibini vipande vya ukubwa wa kidole. Badala ya yai, alikoroga uji mwepesi wa unga wa ngano, akautia pilipili manga na bizari nyembamba. Alichovya, akaviringisha kwenye chenga za mkate, akagandisha. Kesho yake akachovya tena, akaviringisha tena, akavirudisha kwenye friza mpaka vikawa vinagongana kama kokoto. Vile vidole viwili vilimsumbua, basi akajifunza kuviringisha kwa kiganja. Siku ya kwanza vilipasuka. Siku nyingine vikawa vikavu kama kuni. Ndipo alipogundua kwamba jiko liachwe lipate moto likiwa tupu, vijiti vipakwe mafuta kwa ncha ya brashi, visigusane, na vitoke kabla jibini haijaanza kutafuta njia. Dakika sita, na kuvigeuza ya nne. Alipovuna kikapu cha kwanza kisichopasuka hata kimoja, alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti iliyomshtua paka.

Alasiri ile alivuka barabara na sahani.

"Mama Rachna," alimwambia Meena, "jiko langu la upepo halijaguswa na nyama tangu lizaliwe. Yai hamna. Jibini ni yako mwenyewe. Kula."

Meena alimtazama usoni, kisha akatazama sahani. Akachukua kimoja, akauma. Jibini ikavutika hadi kidevuni. Alitafuna amefumba macho, na alipoyafumbua yalikuwa na maji.

"Miaka yote hii," alisema, "nilikuwa nanusa tu."

Mwezi haukuisha, Rachna binti Meena akachumbiwa na kijana wa Dar. Wageni sitini walitarajiwa kwenye sherehe ya uchumba, na Meena alisema vitafunwa vya moto atapika Bi Kulthum, hataki kusikia jina jingine. Jibini ikipoa inakuwa mpira, kwa hiyo ilibidi apike palepale. Rachna aliazima jiko la pili kwa rafiki yake ambaye naye hali nyama, na siku ya siku Bi Kulthum akasimama katika jiko la Meena, kanga imekazwa kiunoni, anatoa vikapu viwili viwili. Sinia tatu za mwanzo zilirudi tupu.

Kwenye sinia ya nne, mkono wake ulipogusa vijiti, akasita. Vilikuwa vimelegea. Mtu alikuwa amechukua barafu ya vinywaji akaliacha wazi boksi la baridi lenye vijiti.

"Weka tu, Bi Kulthum," alisema shangazi yake Rachna. "Wageni wanangoja."

"Havijakaza. Vitapasuka."

"Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

Akavirudisha vyote kwenye friza. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Alinawa mikono, akashusha kanga, akaingia sebuleni mwenyewe.

"Wageni wetu, karibuni sana. Vilivyobaki vinahitaji nusu saa. Ningeweza kuwaletea sasa hivi, lakini visingekuwa vyangu. Niwieni radhi."

Kwenye kiti cha mwisho alikaa bibi yake bwana harusi mtarajiwa, mwanamke mzee ambaye tangu afike alikuwa amekunywa maji tu, kwa kuwa hakumjua mpishi. Alimwita kwa kidole.

"Ndiye wewe unayepika?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Kwa mafuta ya nani?"

Bi Kulthum akamweleza yote: upepo, uji wa unga badala ya yai, jibini ya dukani mwa Meena. Bibi alisikiliza, macho yake yakiwa kwenye yale mabaka.

"Na mkono?"

"Uliungua kazini."

"Na bado unapika."

"Bado napika."

Bibi akaegemea kiti chake. "Basi mimi nitangoja."

Nusu saa ilipotimia, sinia ya nne iliwekwa mbele yake. Alikula vinne, akaagiza cha tano kifungwe kwenye karatasi aende nacho. Bi Kulthum aliyaona hayo akiwa mlangoni, na hakurudi jikoni haraka. Alisimama hapo, mabega juu, mkono wa kulia umeshika fremu ya mlango mbele ya watu wote.

Leo ana friza yake mwenyewe, na pakiti zake zinafika mpaka Dar. Nouf humletea wateja wa harusi wanaotaka vya jibini, na wifi hao wawili hugawana shughuli. Juzi mwanamke mmoja wa Dar alimpigia simu akilalamika.

"Bi Kulthum, vyako vimepasuka!"

"Uliviacha nje ya friza?"

"Kidogo tu, nilikuwa napanga meza."

"Basi kilichopasuka ni haraka yako, mama. Vimebaki vingapi?"

"Kumi."

"Pasha jiko lako moto kwanza, likiwa tupu. Sikati simu."

Akaiegemeza simu kwenye kopo la bizari, akaendelea kuviringisha huku anahesabu dakika kwa sauti, mpaka akasikia kutoka upande wa pili kitu kikilia karaka kati ya meno, na yule mwanamke akishusha pumzi.

"Umeona?" alisema Bi Kulthum. "Hivyo sasa ndivyo vyangu."