Upepo Unaingilia Hapa

Mama yangu hakuwa mtu wa kuvumilia tundu. Alipofika kutoka Morogoro kuja kunilea uzazi, majira ya baridi ya 2015, hakuvua hata koti kabla ya kuikagua nyumba yetu ya Troyeville, huku kusini, akisukumia matambara chini ya milango na magazeti kwenye nyufa za madirisha. Mwanangu alikuwa na siku kumi na moja. “Mtoto mchanga hapigwi upepo,” alisema. Ningebishana naye vipi? Yeye alikuwa amelea sita, mimi ndiyo kwanza nilikuwa na mmoja.

Nyumba ilikuwa ya baba mkwe wangu, ya matofali, dari iko juu huko, na baridi ya ndani ilizidi ya nje. Umeme ulikuwa ukikatika kwa zamu. Mume wangu akaamua tuweke hita ya gesi kwenye kijichumba cha koridoni, mkabala na chumba nilicholala na mtoto. Akamleta fundi Mkongo kutoka Yeoville, mtaa wa jirani, mzaliwa wa Lubumbashi, mtu mpole ambaye alifagia vumbi lake mwenyewe.

Fundi alitoboa ukuta mara mbili. Bomba moja lilitoka juu ya hita, likapanda mpaka nje ya paa; hilo la kutolea moshi. La pili lilipita chini, mdomo wake ukatokeza uani usawa wa goti, ukiwa na kiwavu cha kuzuia panya. Hilo la kuingiza hewa ya kulisha moto. Kila kiungo alikiziba, akakipapasa kwa kiganja kama anayempima mgonjwa homa. Mwishoni akawasha kijiti cha udi mbele ya bomba la uani, moshi ukainama wote, ukaingia ndani. Alicheka kwa furaha.

“Moto ikikuwa bleu, iko bien, iko muzuri,” aliniambia. “Ikigeuka jaune, ile rangi ya ndizi, mutoke inje, muniite.”

Nilikuwa nanyonyesha, nikaitikia tu. Halafu nikamsikia dirishani akimwonyesha mama mdomo wa bomba. “Mama, mupepo inaingilia apa. Muangalie sana.”

“Nimekuelewa, mwanangu,” mama akamjibu.

Wote wawili walikuwa wamesema Kiswahili. Mimi, niliyeyasikia yote, sikushtuka.

Siku za kwanza zilikuwa raha. Mama alinikanda, alinipikia uji wa pilipili manga, alimsifia mkwewe. Ila moto haukumpendeza. “Moto gani huu hauna moshi, hauna rangi?” Kisha baridi ikakaza. Asubuhi moja akaniita koridoni, uso umemchangamka. “Njoo uone, sasa ndiyo moto!” Nyuma ya kioo cha hita moto ulikuwa wa njano, mrefu, unacheza. Nikasema kweli mama, unapendeza.

Tangu siku hiyo kichwa kikaanza kuniuma. Usiku mume wangu, kwa ubahili wake wa gesi, alikuwa akizima hita, kwa hiyo niliamka mzima. Ikifika saa nne asubuhi, utosi unagonga. Nikitoka kuanika nepi, kinaacha. Nikirudi ndani, nacho kinarudi. Mama alishikwa na kizunguzungu akasingizia presha. Mimi nilisingizia uvivu wangu.

Na mtoto akatulia. Hapo ndipo ninapojichukia mpaka leo. Alikuwa mtoto wa kulia, akaacha kulia. Alikuwa akinidai ziwa kila baada ya muda mfupi, akaacha kudai. “Ameshiba joto, anakua,” mama alisema, nami nikashukuru. Tulikuwa tukinong’ona na kutembea kwa ncha za vidole ili tusimwamshe.

Siku ya nne ya moto ule wa njano, vioo vya madirisha vilikuwa vinatiririka maji. Juu ya mlango wa kijichumba niliona doa jeusi ukutani. Nikaligusa, kidole kikatoka na masizi. Nikainama kuutazama ule moto mzuri wa mama, na sauti ya fundi ikanijia: rangi ya ndizi.

Nilitoka peku. Mdomo wa bomba ulikuwa umejaa khanga. Kiwavu kilikuwa kimeng’olewa na kuwekwa vizuri pembeni, na khanga imekunjwa, pembe zake zimechomekwa ndani, kama mama anavyochomeka shuka kitandani. Nikaivuta yote, nikarudi ndani, nikazima hita, nikambeba mwanangu. Mwili wake wote haukuwa na nguvu yoyote.

Mama alisimama mlangoni, mikono ameitanua. “Usimtoe! Upepo!”

Nilimsukuma mama yangu. Alijigonga ukutani, sikugeuka. Uani nikamvua mtoto blanketi, kofia, kila kitu, nikamwinua kwenye upepo ule wa Julai na kumpulizia usoni. “Lia, mwanangu. Lia!” Hakulia. Nikamfinya wayo. Kisha akatoa kijisauti, cha pili, halafu akalia mpaka mbwa wa jirani wakaitikia.

Hospitalini walimwekea oksijeni. Daktari akaniuliza kwa Kiingereza ni nani aliyeziba bomba. Mama alikuwa kando yangu, hajui Kiingereza. “Anasemaje?”

“Anasema hita ilikuwa mbovu.”

Kesho yake tuliruhusiwa kurudi nyumbani, na fundi akaja. Aliiona khanga palepale nilipoitupa, akanitazama. “Nilisema mupepo,” alisema polepole. “Kwetu njo hii tunapumuaka.”

“Kwetu upepo ndio unaoua watoto wachanga,” nikamjibu, kwa ukali ambao hakustahili.

 Kisha akaingia ndani, akamwinamia mama. “Kosa ni yangu, mama. Sikuiweka bien.” Mama alimsamehe kwa maneno mengi, akampa na chai. Alikunywa yote, na mimi nilishindwa kumtazama. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema. Safari hii aliyekuja kutuponya ndiye tuliyemtwisha lawama.

Mama alirudi Morogoro baada ya arobaini. Khanga ile hakuiulizia, nami sikumrudishia. Hatukuwahi kulizungumza jambo lile, hata kwa kuzunguka. Mwanangu sasa ana miaka minne, mtundu kupindukia, na anamjibu bibi yake kwenye simu kwa Kizulu.

Mama hupiga kila Jumapili. Huuliza habari za mume, za kazi, za mtoto. Lakini baridi ikianza, kabla hajakata, huuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea kwake.

“Na upepo, unaingia?”

“Unaingia, mama.”

“Basi uache uingie.”