Mama Alinisubiri Uwanja wa Kisiwani

Kosa ni langu, lakini anayelibeba ni mdogo wangu. Nimeshindwa kulisema nyumbani, nimeshindwa kulisema kanisani, ndiyo maana nalisema kwenu msionijua. Jina langu naomba mniachie.

Mimi ni mama wa Kikongo, naishi Malton, hapa Toronto, jirani kabisa na uwanja mkubwa wa ndege. Nafanya kazi huko huko, kwenye maghala ya mizigo. Mtu wa kanisani akipata mgeni, mimi ndiye ninayeulizwa atatokea mlango gani. Nilizoea kuulizwa. Kuuliza sikuzoea.

Mwaka jana yaya alilazwa hospitali moja ya katikati ya mji. Kwetu Uvira, yaya ni dada mkubwa. Yeye ndiye aliyetulea mimi na mdogo wetu Amani, Mama alipokuwa akihangaika kututafutia chakula kwenye kambi ya wakimbizi. Madaktari walipotuambia tuwaite ndugu, yaya alimtaja mtu mmoja tu. Alimtaka Mama.

Mama alikuwa kaskazini, kwenye mji wa migodi ambako Amani anafanya kazi. Mke wa Amani alikuwa ametoka tu kujifungua, kwa hiyo Mama ilibidi asafiri peke yake. Na Mama Kiingereza hajui.

Amani alinipigia simu nikiwa kazini, mashine zinanguruma. Akaniambia amepata ndege ndogo, na itatua kwenye ule uwanja mdogo wa kisiwani, kule mjini, si huu wa kwetu.

Nikamkatiza. "Amani, mimi ndiye ninayefanya kazi uwanja wa ndege. Unanifundisha ndege zinatua wapi?"

Akacheka kidogo. Baadaye akanitumia tiketi kwenye simu. Sikuifungua. Mungu wangu, hata kuifungua tu!

Mama mwenyewe nilimwagiza jambo moja: akitua akae pale pale, asiondoke na mtu yeyote mpaka anione mimi kwa macho yake.

Siku ya safari nilitoka kazini nikaenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa wageni wa uwanja mkubwa. Watu walitoka na masanduku yao, wakakumbatiwa, wakaondoka. Mama hakutoka. Shemeji, mume wa yaya, akapiga kutoka hospitali kuuliza tumefika wapi. Nikamwambia ndege imechelewa. Sikuwa na hakika. Nilisema tu ili nisionekane sijui.

Kisha ikaita namba nisiyoijua. Huku matapeli wa simu ni wengi, nikaikata. Ikaita tena, nikaikata tena. Mwishowe nikaifungia kabisa isinisumbue.

Walikuwa ni wafanyakazi wa ule uwanja mdogo, wakiwa na Mama.

Amani hakupatikana, alikuwa chini mgodini. Alipopanda juu akakuta ujumbe wao, akanipigia. Aliongea polepole, kama mtu anayeogopa jibu. "Dada, kwa nini Mama bado yuko kisiwani?"

Nilichukua teksi, tukakwama barabarani, magari yamejaa hadi upeo wa macho. Nilikaa kiti cha nyuma nikitazama taa nyekundu za wenzetu, sina la kufanya.

Ule uwanja ni mdogo sana, ndugu zangu. Unapita njia iliyochimbwa chini ya ziwa, unapanda ngazi za umeme, unatokea kwenye ukumbi wenye viti na madirisha ya kuangalia maji. Mtu hawezi kupotea pale. Mama alikuwa amekaa karibu na mlango, mkoba mapajani. Walimpa chai na biskuti, walimletea kiti cha magurudumu, wakamwonyesha kwa ishara kwamba wangeweza kumtafutia gari. Akawakatalia kwa kichwa. Mimi ndiye niliyemwagiza asiondoke na mtu.

Aliponiona alisema tu, "Nilijua utakuja."

Kutoka pale hadi hospitali ni karibu mno. Hata hatukumaliza kuzungumza, tukawa tumefika. Kumbe Mama alikaa muda wote ule jirani na mwanawe!

Shemeji alikuwa amesimama nje ya mlango wa chumba. Nilimwona ameweka mikono kichwani, nikajua. Alisema yaya aliuliza Mama amefika wapi, akamjibu ndege imechelewa, na yaya akasema basi atamsubiri. Akasinzia. Hakuamka tena.

Mama alikaa kitandani, akamshika yaya miguu, akawa anaisugua kama anaipasha joto. Kisha, bila kugeuka, akaniuliza, "Mbona ulichelewa hivyo?"

Nikajibu, "Amani aliniambia uwanja mwingine."

Neno hilo lilitoka lenyewe. Ningeweza kulirudisha pale pale. Sikulirudisha.

Tangu siku ile Mama anaishi kwangu. Simu za Amani hazipokei. Mtoto mchanga wa Amani amepewa jina la yaya, sasa anatembea, na bibi yake hajambeba tena.

Nilimpigia Amani nikamwambia nataka kumwambia Mama ukweli. Nilidhani atanitukana. Alisema tu, "Mama presha yake iko juu, na hana pengine pa kukaa karibu na daktari wake. Akikuchukia wewe ataenda wapi? Acha anikasirikie mimi."

Akaniuliza kama Mama anakula vizuri.

Ndugu msomaji, ukiambiwa mgeni wako anatua wapi, sikiliza, hata kama unaijua kazi. Namba ngeni ikiita na una mtu njiani, pokea. Lakini hayo ni makosa ya kawaida, watu wangenisamehe. Jihadhari na neno la kwanza unalolisema kujiokoa ukiwa mbele ya msiba. Mimi kila asubuhi naamka nikiwa na nia ya kulifuta, na kila asubuhi Mama ananiwekea chai, nanyamaza.

Jumapili iliyopita mama mmoja mgeni kanisani alimuuliza Mama ana watoto wangapi.

Mama akanishika mkono. "Nimebaki na huyu tu," akasema.